Gari Dhaifu Hutangulia

Benchi letu si benchi, ni kiti cha nyuma cha gari. Nilikitoa mimi mwenyewe kwenye gari moja iliyokufa, nikakishona upya, nikakiweka nje ya duka langu hapa kwenye kona, na tangu siku hiyo sijapata amani. Kazi yangu ni kushona viti vya magari, ndiyo maana wananiita Mama Viti. Cherehani yangu iko mlangoni, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale nje unapita sikioni mwangu kabla haujafika barabarani. Kila Jumamosi asubuhi wanakuja wale wale na vigari vyao vya zamani, vidogo, wanaviegesha ukingoni kama viatu vilivyopangwa mlangoni. Kuna Fundi Kabureta mwenye gari nyekundu, mtu anayezijua methali zote isipokuwa mahali pa kuzitumia. Kuna Futi, mpimaji ardhi mstaafu, gari yake nyeupe, na ramani hazimtoki kwapani. Kuna Kinyozi, gari yake ya buluu, mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Wa nne ni Mzee Taratibu, mstaafu wa posta, gari yake ya kijivu, anayeendesha polepole mpaka wapanda baiskeli wanampita huku wanamsalimia. Wanakunywa kahawa yangu, na wanazungumzia safari moja tu. Miaka miwili sasa, safari moja.

Jumamosi hiyo Taratibu alifika wa mwisho. Mkewe alikuwa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, mkoba umekaa magotini. Mama huyu alikuwa mkunga; nusu ya mtaa huu aliipokea yeye kwa mikono yake, Kinyozi mwenyewe akiwemo. Siku hizi hamkumbuki hata mmoja wetu. Nilikwenda dirishani nikamwamkia, akaniitikia vizuri, nikampa kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili. Hapendi kuteremka. Anapenda kukaa humo ndani, anatazama mbele.

Taratibu hakuketi. Alisimama mbele ya benchi, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini.

TARATIBU: Jumatatu binti yetu anakuja kumchukua mama yake.

KABURETA: Anampeleka wapi tena?

TARATIBU: Kwake. Akakae naye huko huko. Anasema mimi peke yangu siwezi tena. Nimebisha nikachoka, maana ni kweli. Juzi nimemkuta amewasha jiko, sufuria tupu, anakoroga. Sasa imebaki kesho tu.

FUTI: Kesho ya nini, Mzee?

TARATIBU: Ya kumrudisha kule penye maji.

Nikaacha kushona. Nani angeendelea kushona?

Wewe usiyejua ngoja nikueleze. Miaka miwili iliyopita tulitoka alfajiri moja, gari nne, hatuna tunakokwenda, tunazipasha injini tu. Mimi nilikaa na Kinyozi. Msafara wetu una kanuni moja, aliyeitunga ni Taratibu mwenyewe: gari dhaifu hutangulia. Yaani siku hiyo gari inayokohoa ndiyo inayokwenda mbele, wengine wanaifuata kwa mwendo wake, na hakuna ruhusa ya kuipita. Hivyo hakuna anayeachwa njiani. Tukapanda vilima, ukungu ukatushukia, tukasimama kujaza maji, tukaondoka tena. Tulikwenda sana. Mimi sitadanganya, nililala. Nilipofumbua macho tulikuwa mahali ambapo mpaka leo sijui nipaiteje. Uwanda mpana, majani mafupi, na maji yametanda juu ya majani, hayafiki hata kifundo cha mguu, yametulia kabisa. Mawingu yote yalikuwa chini. Gari zetu nne zilisimama juu ya mawingu. Mama Taratibu alivua viatu, akatembea majini mpaka mbali, akarudi anacheka, akalala juu ya boneti yenye joto kama msichana. Tulikaa mpaka jua likageuka.

Kurudi tulirudi vizuri, tunapiga kelele, hakuna aliyetazama njia. Tangu hapo tumejaribu kupatafuta mara tatu. Mara ya kwanza tulitokea kwenye machimbo ya mawe. Mara ya pili kwenye geti limefungwa, na mbwa ndani. Mara ya tatu tulizunguka kutwa tukaingia kwenye kituo kile kile tulichojazia mafuta asubuhi, ila kwa mlango wa nyuma.

TARATIBU: Majina ya wanawe yanampotea. Langu nalo siku nyingine linampotea, ananiita bwana posta. Lakini kila asubuhi, kabla hajanawa uso, ananiuliza: leo ndiyo tunarudi kule penye maji? Namwambia, kesho, mama. Nimesema kesho miaka miwili jamani. Sasa imebaki moja. Naomba mnichoree njia.

Kinyozi alijifuta uso kwa taulo lake la kazi. Futi tayari alikuwa amekunjua ramani juu ya boneti ya gari yake, amezibana pembe kwa vikombe vyangu.

FUTI: Hesabu ni rahisi. Hapa kituo cha mafuta. Hapa vilima. Hapa tulijaza maji. Kutoka hapo kuna njia tatu, na zote tumekwisha kuzipita.

KABURETA: Penye nia pana njia.

MIMI: Nia tunayo Fundi. Sema njia.

TARATIBU: Mimi nauliza jambo moja tu. Tulipotoka pale tulipojaza maji, nani alikuwa mbele? Maana mimi nilikuwa nafuata taa nyekundu. Yule aliyekuwa mbele ndiye aliyekata kona. Aseme alikata wapi.

KABURETA: Usinitazame mimi Mzee. Gari yangu siku ile ilikuwa inavuta kama ndama aliyeona mama yake. Mimi nilikuwa nyuma. Nafuata taa.

FUTI: Na mimi nilikuwa nyuma. Nilikuwa nimebadilisha plagi zote nne wiki ile, risiti ninayo. Gari yenye plagi mpya itangulie kwa kosa gani?

KINYOZI: Basi mtasema ni mimi. Haki ya nani, sikuwa mimi! Mama Viti ni shahidi.

MIMI: Mama Viti alikuwa amelala.

KINYOZI: Hata usingizi wako ni ushahidi. Gari mbovu ungelala? Ungerushwa mpaka darini.

Mnaona ugonjwa huo? Kwa kanuni yetu, kusema nilikuwa mbele ni kusema gari yangu ilikuwa mbovu kuliko zote. Hawa watu watakiri kuiba kuku, watakiri kumpiga teke mama mkwe, lakini hilo hawakiri. Gari nne kwenye ukungu, na wote walikuwa nyuma.

MIMI: Kwa hiyo tulikuwa mkia tu. Ng'ombe hakuwepo.

FUTI: Hilo linaelezeka kitaalamu. Ukungu una tabia ya kupinda mwanga. Taa yako ya nyuma inatoka, inazunguka, inakuja kuonekana mbele yako. Inawezekana kila mmoja wetu alikuwa anajifuata mwenyewe.

KABURETA: Ebo! Nijifuate mwenyewe mpaka wapi?

FUTI: Mpaka pale. Ndiyo maana ramani haipajui. Mtu akijifuata mwenyewe anatoka nje ya vipimo.

KABURETA: Umesoma ukapitiliza. Sikiliza nikwambie mimi ninayezifungua. Gari hizi si chuma tu. Zimezaliwa miaka ile ya zamani, zinajua mambo. Ukiiachia usukani kidogo, kidogo tu, inakwenda inakotaka. Siku ile sote tuliachia kwa sababu hatuoni. Zikaenda kwao. Mkataa kwao ni mtumwa!

MIMI: Kwao ni kiwandani Fundi, si majini.

KABURETA: Unajuaje hapakuwa na kiwanda? Pengine zamani palikuwa pale pale, kikazama. Ile gari yangu ilipofika ilizima yenyewe. Sikugusa ufunguo. Ilizima, ikapumua.

KINYOZI: Hapo Fundi unanikaribia, lakini hujafika. Mimi nimenyamaza miaka miwili, leo nasema. Zilikuwa gari tano.

FUTI: Nne.

KINYOZI: Tano. Ile ya mbele ilikuwa na taa moja tu ya nyuma, upande wa kulia, inawaka hafifu. Ndogo kama zetu, rangi siwezi kusema, maana ilikuwa rangi ya ukungu. Kila nikiongeza mwendo nayo inaongeza. Nikipunguza inanisubiri. Kwenye kona ilikuwa inaonyesha ishara mapema kabisa, kwa adabu, kama mtu mzima. Tulipotokea penye maji haikuwepo. Nilitazama chini, nikaona alama za matairi zinaingia majini, kisha zinakwisha.

KABURETA: Wee!

KINYOZI: Zinakwisha, bwana. Nilisema kimoyomoyo, mwenye nyumba ametukaribisha, tusiulize jina.

FUTI: Dereva ulimwona?

KINYOZI: Nilimwona kisogo. Kimenyolewa vizuri sana. Si kazi yangu, lakini ni kazi nzuri.

KABURETA: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hakuna aliyecheka. Ndivyo wanavyokuwa wakifika hapo kwenye hadithi. Macho yanalegea, kahawa inapoa, kila mtu anaingia kule peke yake. Na mimi niliingia, sikatai. Nilianza kuyaona yale mawingu chini tena.

FUTI: Mimi nilichukua futi yangu nikapima kina cha maji. Kila mahali kilikuwa sawa. Nimepima ardhi miaka thelathini na tano, sijawahi kukuta kitu kilicho sawa kila mahali. Nikaona haya kuendelea kupima.

KABURETA: Mimi nakumbuka kulikuwa na joto chini. Nililala chini ya gari kama kazini, mgongo ndani ya maji, na sikuwa na kitu cha kufungua. Nimelala tu nimeitazama injini. Safi. Haivuji tone.

KINYOZI: Na harufu je?

KABURETA: Ya mvua ambayo haijanyesha.

KINYOZI: Hiyo hiyo.

TARATIBU: Basi!

Sijawahi kumsikia Taratibu akipaza sauti. Kofia ilikuwa imekunjika mkononi mwake.

TARATIBU: Mimi nimepanga barua miaka yote ya kazi yangu. Kila mahali duniani pana anwani, hata kama ni nyumba moja porini. Nanyi mnaniambia mawingu, mnaniambia kisogo. Nyie mkikosa pale mtakuja hapa Jumamosi ijayo, mtanywa kahawa, mtapasimulia tena. Mimi Jumamosi ijayo nitaamka na hakuna atakayeniuliza kitu. Nitakaa kitandani nimtazame nani?

Akafikicha macho yake waziwazi, bila kujificha. Futi alijifanya anakunja ramani, ikamkatalia. Ndipo Kabureta akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali mara tatu, kama mtu anayeng'olewa jino.

KABURETA: Mzee. Nilikuwa mbele mimi.

KINYOZI: Nini?

KABURETA: Siku ile gari ilikuwa na plagi moja haifanyi kazi. Injini ilikuwa inatembea kwa silinda tatu. Fundi mzima! Niliona aibu kusema. Nilikuwa mbele, nikakata kushoto kwenye mti uliokauka.

Nilitaka kumkumbatia na grisi zake. Lakini Futi alikohoa.

FUTI: Mzee, Fundi anasema hivyo kwa sababu ana moyo mzuri. Aliyekuwa mbele ni mimi. Risiti ya plagi ni ya mwaka mwingine. Zilikuwa kuukuu, gari inaruka kama chura. Nilikata kulia, kwenye kalavati.

KINYOZI: Jamani acheni. Mbele nilikuwa mimi. Gari yangu ilikuwa imeshika breki moja inaburuta. Nilinyoosha moja kwa moja, sikukata popote.

KABURETA: Wewe si ulikuwa unafuata gari ya tano?

KINYOZI: Nilikuwa mbele naifuata!

FUTI: Huwezi kuwa mbele ukafuata.

KINYOZI: Na Fundi hawezi kuwa mbele nikiwa mbele mimi!

KABURETA: Gari yangu ilikuwa mbovu kuliko yako mara kumi! Hiyo yako ilikuwa nzima kabisa, nilikuwa naisikia!

KINYOZI: Nzima? Ile? Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya!

Lo! Dakika tano zilizopita hakuna aliyekuwa mbele, sasa wote watatu wako mbele, na kila mmoja anaitukana gari yake kwa nguvu zake zote. Walikuwa wanampenda Taratibu, hilo liliniliza. Lakini mapenzi yao yalikuwa yamemchorea njia tatu, kushoto, kulia na mbele, zile zile tatu ambazo tumekwisha kuzipita. Taratibu aliwasikiliza mmoja mmoja kwa heshima, halafu mabega yakamshuka.

TARATIBU: Ahsanteni, wanangu. Ahsanteni sana.

Wakati huo mtu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, simjui, kijana tu, amekumbatia kiti cha pikipiki kilichochanika. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Niliinua birika nimmiminie, kukawa na tone moja na machicha ya kahawa. Nikamwambia asubiri, kazi ya kiti ninaipokea, lakini kuna maneno hapa. Akasema haina shida, ameyasikia. Akatazama ramani, akatutazama sisi, akatazama barabarani.

MGENI: Samahani wazee wangu, mimi mpita njia. Huyo mnayesema alikuwa kwenye safari na anapakumbuka, si ndiye yule mama aliyekaa kwenye gari ya kijivu?

KABURETA: Ndiye.

MGENI: Yeye anasema mlipita wapi?

Kabureta alifungua mdomo atoe methali. Ikakosekana. Futi alitazama ramani kana kwamba jibu limeandikwa pembeni. Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu siku aliyozaliwa mikononi mwa mama yule, alikosa. Na mimi, mwanamke mwenzake, niliyempelekea kikombe, nikamsalimia, nikampa mgongo! Nilitamani sakafu inimeze. Hatua tano kutoka hapa tulipo, kioo kimeshushwa, tumempangia maisha yake asubuhi nzima kana kwamba hayupo. Yeye alikaa mbele siku ile pia. Yeye hakuwa anashika usukani, hakuwa anasikiliza injini, wala hakulala. Alikuwa anatazama njia tu.

TARATIBU: Sijawahi kumuuliza.

MIMI: Hata mara moja?

TARATIBU: Yeye ndiye alikuwa anauliza. Mimi nilikuwa namjibu.

Aliiweka kofia kichwani, akaivua tena, akaenda. Alizunguka mpaka dirishani kwa mkewe, akachuchumaa kwa shida, goti lake moja halikunji vizuri, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mkewe. Yule mgeni alikishusha kiti chake chini polepole kisigonge.

“Mama,” Taratibu akasema, “kule penye maji. Tulipita wapi?”

Mkewe akamtazama. Sijui kama alikuwa anamkumbuka ni mumewe au bwana posta. Kisha alimrudishia kikombe kitupu, akachukua mkoba magotini, akauweka miguuni.

“Leo ndiyo unaniuliza?” akasema.

Akajinyoosha mpaka upande wa pili, akamfungulia mlango wa dereva.